Tusiupe jina ugonjwa wa kusahau ghafla kabla ya kuupima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Musoma, ambaye barua yake ulituchapishia majuma mawili yaliyopita. Alieleza jinsi baba yake mdogo alivyopotewa na kumbukumbu kwa nusu siku baada ya kuugua mafua, akahitimisha kwamba virusi vya mafua vilikuwa vimepanda ubongoni. Simlaumu kwa hitimisho hilo, kwa sababu mimi mwenyewe nililifikia juu ya mke wangu, nikalishikilia kwa zaidi ya mwezi, na kuliacha nililiacha shingo upande. Hata hivyo nadhani ametaja jina la ugonjwa mapema mno, na kwetu sisi tunaoishi kando ya Ziwa, kutaja jina mapema kuna gharama yake.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka jana mke wangu alitoka alfajiri kwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, kununua dagaa wa kuuza rejareja, kama afanyavyo kila juma tangu nilipostaafu kufundisha hesabu. Alirudi saa moja na nusu kwa bodaboda, akamlipa kijana nauli yake bila kukosea chenji, akatua ndoo chini ya mwembe, akaniuliza: "Baba Kulwa, dagaa hawa kawaleta nani?" Nikacheka nikidhani ananitania, nikamwambia kawaleta yeye. Akasema, "Ahaa," akaketi kwenye kigoda, na kabla sijamaliza kufunga kamba ya turubai la kuanikia akaniuliza tena, kwa maneno yaleyale na sauti ileile, huku kidole cha mkono wa kulia kikiinyooshea ndoo vilevile kama mara ya kwanza. Mara ya tatu sikucheka.

Mimi nikikosa la kufanya huhesabu. Nilichukua daftari la wadaiwa, nikaandika saa juu ya ukurasa, na kila alipouliza nikapiga mstari, minne ya kusimama na wa tano wa kuikata. Kufikia saa tano swali la dagaa lilikuwa limefika mara 43. Katikati ya maswali hayo alichemsha chai mwenyewe, akatia tangawizi kwa kipimo chake cha siku zote, akaninywesha na kunywa, kisha akauliza kama tumeshakunywa chai. Alinitambua, akawataja watoto wetu wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, Kulwa na Doto wakiwa wa kwanza. Ulimi ulikuwa mwepesi, mikono yote miwili ina nguvu, mwendo umenyooka. Alichokosa ni uwezo wa kushika jambo jipya kwa zaidi ya dakika mbili au tatu, na pamoja na hilo miezi kadhaa ya nyuma ilikuwa imefutika.

Hilo la miezi ya nyuma tulilijua kwa njia ngumu. Aliuliza kaka yake wa Magu atakuja lini. Kaka yake tulikuwa tumemzika mwezi wa tano. Binti yetu mdogo, asijue la kufanya, akamwambia kweli, na mama akalia kama mtu anayepokea taarifa ya msiba kwa mara ya kwanza. Dakika chache baadaye, machozi yangali mashavuni, akauliza analia nini, na kaka yake atakuja lini. Akaambiwa tena, akalia tena. Baada ya hapo tulikubaliana kumjibu kwamba mjomba wa watoto yuko safarini.

Sasa, Ndugu Mhariri, tazama jinsi majina yalivyomiminika ndani ya saa moja. Jirani yetu, mama mtu mzima ninayemheshimu, alisema mwenzangu kachezewa, kwa kuwa juzi yake alikuwa amegombana na mtu sokoni juu ya kipimo cha sado, na akatushauri tumwone mfumu, yaani mganga wa kienyeji, mmoja wa upande wa Kisesa. Kijana wa bodaboda alisema malaria imepanda kichwani. Mwanangu, kwa simu kutoka Dar es Salaam, alisema ni virusi, maana mama yake alikuwa na mafua na kikohozi kwa siku tano. Tukampeleka zahanati iliyo karibu, kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha hana, na bado akaandikiwa dawa ya mseto na kutundikiwa dripu. Hakuna aliyempima joto la mwili, wala sukari, wala presha. Ilipofika saa tisa na nusu, chupa ya pili ikielekea kwisha, swali la dagaa lilikoma, na saa kumi akauliza swali jipya: "Kwa nini nimetundikiwa dripu?" Tulipomjibu, jibu likakaa. Bila shaka unajua ni nani aliyepewa sifa ya uponyaji huo katika mtaa wetu. Ni dripu.

Siku ya Jumatatu tulimfikisha kwenye hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Daktari hakuanza na mashine. Alianza na maswali: ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi, nani alikuwepo akaona kwa macho, je, alianguka au kugonga kichwa, je, alitafuna ulimi, alikodoa macho au alichezesha midomo kama mwenye kifafa, je, mkono au mguu mmoja ulilegea, je, alijua yeye ni nani. Nilipotoa lile daftari la wadaiwa alilisoma ukurasa wote, majina ya wadaiwa yakiwemo, kisha akaomba ruhusa ya kuuchana ukurasa na kuuweka kwenye faili la mgonjwa. Unaendelea kuwepo humo, pamoja na deni la mtu ambalo sijalidai mpaka leo.

Hali iliyompata mke wangu ina jina lake, ingawa Kiswahili hakijaipa jina fupi: ni upotevu wa kumbukumbu wa jumla na wa muda. Madaktari wawili waliofanya kazi Marekani, Miller Fisher na Raymond Adams, ndio walioipa jina la kitabibu mwaka 1958, na mwaka 1990 Waingereza wawili, Hodges na Warlow, wakapanga masharti ambayo hadi leo madaktari huyatumia kuitambua. Shambulio lazima lishuhudiwe na mtu mwingine. Mgonjwa ashindwe kushika mambo mapya lakini awe macho, ajitambue, aongee sawasawa. Kusiwe na dalili za kiharusi, wala za kifafa, wala jeraha la kichwa la karibuni. Na yote yawe yamekwisha ndani ya saa 24. Kwa kawaida huwapata watu wa miaka 50 hadi 70, hudumu saa chache, na kwa walio wengi halirudi. Kinachobaki ni pengo: mke wangu hana kumbukumbu yoyote kuanzia Mwaloni hadi saa kumi ya siku ile, na husema kwamba Jumamosi hiyo amesimuliwa na sisi.

Takwimu zilizokusanywa Ulaya na Marekani zinaonyesha wagonjwa 3 hadi 8 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa tabia ya ualimu nilijaribu kuzipachika kwa mkoa wetu, ambao sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia watu wapatao milioni 3.7, nikapata kati ya 111 na 296. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi tu, kwani idadi ya watu wetu ni ya vijana na watoto zaidi, na ugonjwa wenyewe ni wa watu wazima, hivyo idadi ya kweli lazima iwe chini ya hapo. Hata hivyo, wakiwa thelathini au arobaini tu, najiuliza wako wapi, na wamepewa majina gani.

Nije kwenye virusi. Ndani ya ubongo, upande wa kila sikio, kuna kisehemu kilichojikunja ambacho wataalamu hukiita hipokampasi, na kazi yake mojawapo ni kulipokea jambo jipya na kulifanya kumbukumbu. Mtu aliyepatwa na shambulio kama la mke wangu, akipigwa picha ya MRI, ile mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, kati ya saa 24 na 72 baadaye, mara nyingi huonekana na nukta ndogo sana kwenye hipokampasi, nukta ambayo hufifia ndani ya siku kadhaa. Mke wangu hakupigwa picha hiyo. Nini kinachoileta nukta hiyo ndicho wataalamu wanachobishania hadi leo. Wapo wanaoiweka karibu na kipandauso, ule ugonjwa wa kuumwa kichwa upande mmoja, na ipo dhana iliyotolewa mwaka 1998 kwamba ni damu iliyotumika inayoshindwa kushuka vizuri kutoka kichwani. Kwa wagonjwa wengi huwa kuna jambo lililotangulia muda mfupi kabla: kazi nzito, maumivu makali, kujitosa ghafla kwenye maji ya baridi, habari ya kushtua, au tendo la ndoa, ambalo naliandika kwa sababu aliyepatwa baada yake huona haya kumwambia daktari.

Baada ya UVIKO-19 kuenea mwaka 2020, madaktari wa nchi mbalimbali walichapisha taarifa za mgonjwa mmoja mmoja aliyepata shambulio la namna hii wakati wa maambukizi au baada yake. Taarifa hizo zipo na sizipuuzi, ila mgonjwa mmoja mmoja si ushahidi wa chanzo. Mwezi wa saba na wa nane, vumbi la kiangazi linapovuma, karibu kila nyumba ya mtaa wetu ina mtu anayekohoa. Katika majira hayo mtu akivunjika mguu, akishinda bahati nasibu au akisahau jina la mjukuu, lolote litakuwa limefuata mafua.

Kuna jambo jingine nililolijua baadaye. Muuzaji wa dagaa pale Mwaloni alinieleza kwamba asubuhi ile kikohozi kilimkamata mke wangu kwa nguvu, akainama, akashika nguzo ya banda, na alipoinuka uso ulikuwa umemwiva. Nilipomwambia daktari, alieleza kwamba mtu akikohoa sana, au akijikamua kwa kuinua mzigo, msukumo wa kifuani hupanda na damu ya kichwani huchelewa kushuka, na kwamba kwa wenye ugonjwa huu vali, yaani vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma, za mshipa mkubwa wa shingoni hukutwa hazifungi vizuri mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wengine. Alisema hivyo kama uwezekano, nami naandika kama uwezekano. Lakini ona tofauti yake na ile hoja ya Musoma: hapo mafua yangekuwa yamehusika bila kirusi hata kimoja kugusa ubongo, kwa sababu ya kikohozi peke yake.

Nisije nikaeleweka kwamba virusi haviwezi kufuta kumbukumbu. Vinaweza, na vinapofanya hivyo huwa ni balaa la aina nyingine kabisa. Kirusi cha hepesi, kilekile kinachowaletea watu wengi malengelenge ya mdomoni wakipata homa, mara chache sana huingia ubongoni, na kikiingia hupenda hasa maeneo ya hipokampasi. Mwanamuziki wa Uingereza, Clive Wearing, aliugua hivyo mwezi wa tatu mwaka 1985. Alibaki na uwezo wa kupiga kinanda na kuongoza kwaya, akamtambua mkewe kwa upendo kila alipoingia chumbani, lakini jambo jipya halikukaa kwake zaidi ya sekunde chache, na uwezo huo wa kushika mambo haukumrudia baada ya saa chache, kama kwa mke wangu, wala baada ya miaka. Wasiotibiwa ugonjwa huo, kama 7 kati ya 10 hufa. Dawa ipo, asiklovia ya kuchomwa kwenye mshipa kwa wiki mbili hadi tatu, na faida yake hutegemea kuanzwa mapema. Wala sisi wa ukanda huu hatuna sababu ya kuviona virusi vya ubongo kuwa vya nchi za mbali: kirusi cha West Nile, ambacho kwa wachache huvimbisha ubongo, kilipatikana mara ya kwanza mwaka 1937 kwa mwanamke wa wilaya ya West Nile nchini Uganda, na kichaa cha mbwa hakijaondoka vijijini kwetu.

Kinachoyatenganisha mambo haya mawili mara nyingi ni kipimajoto cha bei ya soda kadhaa. Kirusi kinapouvimbisha ubongo, kwa kawaida mgonjwa huwa na homa, huumwa kichwa, hubadilika tabia, huongea asiyoyajua, husinzia au hushikwa na degedege, na hali huzidi kuwa mbaya kwa siku kadhaa badala ya kuisha jioni. Nasema homa kwa maana ya joto linalosomeka, nyuzi 38 na kuendelea, kwa sababu katika Kiswahili chetu cha mtaani mtu anayeumwa mgongo naye husema ana homa. Mke wangu alipimwa joto siku ya Jumatatu, likawa la kawaida, lakini la Jumamosi halikupimwa, na hilo ndilo lililonifanya niendelee kuamini virusi kwa mwezi mzima. Hakuna aliyeweza kuniambia kwa uhakika kwamba homa haikuwepo.

Sukari iliyoshuka humfanya mtu aonekane amepotewa, na akicheleweshwa huua. Kiharusi kidogo, kifafa kisicho cha kuanguka, dawa za usingizi, gongo, na hata malaria kali yenyewe, vyote huweza kuanza kwa kusahau. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba, kwa kuwa hali ya mke wangu iliisha yenyewe, tungeweza kukaa nyumbani tukasubiri chini ya mwembe. Saa tano asubuhi hakuna aliyejua kama ingeisha.

Niliahidi kueleza gharama. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengi wao wakishukiwa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na miaka mingi ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Sote tumekua tukisikia habari ya bibi aliyekutwa alfajiri kwenye uwanja wa watu, hajui amefikaje hapo wala anatoka wapi, na umati ukaamua kwamba ameanguka na ungo. Sidai kwamba kila bibi wa namna hiyo alikuwa na ugonjwa wa mke wangu, kwani wagonjwa wa aina yake hujijua majina na kwa kawaida hawatangitangi mbali. Pengine alikuwa na maradhi ya uzee ya kusahau, pengine sukari, pengine kifafa. Ninachosema ni kwamba mwanamke wa miaka 61 aliyeniuliza mara 43 nani kaleta dagaa, angekuwa yuko peke yake kwenye uwanja wa mtu asiyemjua na akashindwa kueleza alikotoka asubuhi ile, asingekuwa na jibu la kujitetea, na jirani yangu mwema tayari alikuwa na jina mkononi. Virusi, malaria na kuchezewa ni majina matatu tofauti sana, lakini Jumamosi ile yote matatu yalitolewa kabla mtu yeyote hajamgusa mgonjwa paji la uso.

Kwa hiyo ninamwomba msomaji wa Musoma, kupitia ukurasa huu, atujulishe mambo ambayo barua yake haikuyataja. Baba yake mdogo alikuwa na joto la mwili kiasi gani siku ile? Alianza saa ngapi, na jibu la kwanza lililokaa kichwani mwake lilikuwa saa ngapi? Nani alikuwa naye muda wote, na kabla ya hapo alikuwa akifanya nini: alikuwa akikohoa, akivuta mtumbwi, akioga ziwani? Na je, kumbukumbu za siku ile zimemrudia, au na yeye amesimuliwa?

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Nyakato, Mwanza.